Mdogo wangu unayekwenda na sarakasi ughaibuni, msome kwanza Buffalo Bill

Msimu wa kutafuta wasanii umefika tena, na simu yangu haitulii. Vijana wa sarakasi wa Mombasa na Nairobi wananitumia mikataba ya Ulaya na Marekani na swali lao ni lile lile: "Kaka, nisaini?" Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, nimejenga piramidi na kuruka pete chini ya mahema ya watu, na siku hizi kabla sijajibu huwa nawasimulia habari za William Cody, Mmarekani mwenye onyesho kubwa la farasi na bunduki, ambaye dunia ilimjua kama Buffalo Bill. Mambo mengi yatakayokupata huko yalikwisha kutokea katika onyesho lake.

Alizaliwa Iowa mwaka 1846, akafiwa na baba akiwa na miaka 11, akaingia kwenye vibarua vya farasi akiwa bado mtoto. Mwaka 1867 alipata kazi ya kuwalisha wajenzi wa reli ya Kansas Pacific. Alitakiwa kuangusha nyati kama 12 kwa siku, na alilipwa dola 500 kwa mwezi, donge nono kwa wakati ule, kwani kila alipotoka kambini hakuwa na hakika ya kurudi. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe aliua nyati 4,280 kwa muda usiotimia miezi 18, na jina la Buffalo, yaani nyati, likamganda hapo. Wawindaji wa ngozi waliofuata ndio waliomaliza mamilioni, hata kufikia mwisho wa miaka ya 1880 nyati wa porini walikuwa wanahesabika kwa mamia. Uzeeni Cody alitetea sheria za kuwalinda wanyama waliobaki.

Desemba 1872 alipanda jukwaani Chicago kuigiza maisha yake mwenyewe, na tangu hapo maisha na maigizo vikachanganyika. Julai 1876, akiwa mpelelezi wa jeshi huko Nebraska, alimuua shujaa wa Wacheyenne, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, aliyeitwa Yellow Hair, naye Cody amevaa nguo zake za jukwaani, mahameli nyeusi yenye marembo. Mwaka haujaisha, kifo kile kikawa mchezo wa kuigiza. Jambo hilo linanikera kila nikilikumbuka, na sitaki kijana anayemsoma alipite haraka. Watu waliokuwa wakipoteza ardhi yao waliajiriwa baadaye waigize kushindwa kwao mbele ya wenye tiketi.

Onyesho lake kubwa lilianza Omaha mwaka 1883. Mwaka uliofuata aliingia ubia na Nate Salsbury, na kwangu mimi huyo Salsbury ndiye mtu muhimu kuliko hata farasi na bunduki. Cody alijaza viti, Salsbury akashika mkoba. Majira ya baridi ya 1884 boti iliyobeba vifaa vyao ilizama mto Mississippi, kisha New Orleans ikawanyeshea mfululizo, hasara tupu, lakini hawakufunga. Mwaka 1887 walikuwa London mbele ya Malkia Victoria, 1889 Paris. Mwaka 1893 walinyimwa nafasi ndani ya maonyesho makuu ya dunia ya Chicago, wakakodi uwanja jirani kabisa na lango, na faida ya msimu huo ikakaribia dola milioni moja.

Sasa tuje kwenye karatasi. Mwaka 1885 Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, nao wenyeji wa asili wa Amerika, alikubali kusafiri na Cody kwa msimu mmoja. Alipewa dola 50 kwa wiki, dola 125 za kusaini, na kipengele ambacho kila kijana wa leo angekisoma mara mbili: haki ya kuuza picha zake na saini zake ilikuwa yake peke yake. Mzee ambaye miaka michache nyuma alikuwa akipigana na jeshi la Marekani alijua kwamba sura yake ni mali. Mikataba mingi ninayoletewa inasema picha na video zako zote ni za mwenye onyesho, popote, milele. Usipite hapo kimya. Omba angalau uruhusiwe kutumia video zako mwenyewe kutafutia kazi nyingine, na picha yako ikienda kwenye tangazo la biashara, ilipwe kando. Wakikataa, utakuwa umejua unashughulika na watu wa namna gani, na hujapanda ndege bado.

La pili ni tiketi ya kurudi. Mlakota mwingine, kijana aliyeitwa Black Elk, alikwenda Uingereza na kundi hilo hilo. Mwaka 1888 meli ilipoondoka, yeye na wenzake wachache walikuwa wamepotea Manchester, wakaachwa. Ikabidi ajiunge na onyesho jingine ili ale, akaumwa Paris, hadi Cody aliporudi Ulaya mwaka 1889, akampa tiketi na dola 90 arudi kwao. Ni jambo jema alilofanya Cody, lakini usiweke maisha yako mikononi mwa wema wa bosi. Mimi niliwahi kuwa na onyesho moja Ulaya ambalo mkataba wake uliandika "usafiri juu ya mwajiri". Usiku wa mwisho malori yakapakiwa, taa zikazimwa, sisi wanne tumesimama kwenye matope na mabegi yetu, meneja anatueleza kwa upole kabisa kwamba usafiri maana yake ni kutoka uwanja wa ndege hadi hemani. Nauli tulichangiwa na Wakenya wa kanisa moja la mjini. Kwa hiyo nataka niione imeandikwa: tiketi ya kwenda na kurudi, kutoka mji gani hadi mji gani, nani anailipa msimu ukikatika kabla ya wakati, na pasipoti unakaa nayo nani. Pasipoti unakaa nayo wewe.

Lakini kitu kinachoangusha wasanii wengi ni deni la mwenye onyesho wasilolijua. Nilipofanya kazi Denver nilipanda mlima wa Lookout, ambako Cody alizikwa Juni 1917, miezi mitano baada ya kufa. Kaburi lina uzio na wageni hutupa sarafu ndani. Nikawaza kuhusu zile sarafu, maana mji ulioko chini ya mlima huo ndiko pesa ilikomkatia pumzi. Salsbury alikufa mwaka 1902. Cody alikuwa mkarimu kupita kiasi, na pesa zake zilikuwa zimezama kwenye mji aliouanzisha Wyoming, mifereji, hoteli, na mgodi wa Arizona uliokula bila kutoa. Mwaka 1913 akakopa dola 20,000 kwa Harry Tammen, mmoja wa wenye gazeti la Denver Post, ambaye pia alikuwa na sarakasi yake. Julai onyesho likaingia Denver. Kampuni iliyochapa mabango ilikuwa inadai, maofisa wa sherifu wakakamata mali yote, na vitu vikapigwa mnada, farasi na mikokoteni. Mshirika wake Gordon Lillie akaanguka naye. Rafiki mmoja alimnunua Isham, farasi mweupe wa Cody, akamrudishia mwenyewe. Kisha mzee, akikaribia miaka 70, akapanda farasi misimu miwili kwenye sarakasi ya yule yule aliyemkopesha.

Viti bado vilikuwa vinajaa, jina bado kubwa. Fikiria mwanafarasi aliyeamka asubuhi ile Denver, ana mkataba mzuri kabatini.

Kwa hiyo ukifika, usiulize wasanii wenzako kama onyesho lina pesa. Waulize wafunga hema, madereva wa malori na anayeleta chakula cha farasi, kwa sababu hao huanza kucheleweshewa kabla yako. Ukisikia mwezi wa pili hawajalipwa, dai chako kwa wiki badala ya mwezi, na usikubali kuachia mshahara "hadi mwisho wa msimu". Mwenye kikundi naye atafute Salsbury wake, mtu wa hesabu asiyelewa makofi. Annie Oakley, mwanamke mlenga shabaha aliyekuwa nyota wa onyesho la Cody, alikuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani: mumewe Frank Butler, naye mlenga shabaha, alimwachia mkewe jukwaa akashughulikia mikataba.

Basi nitumieni hiyo mikataba, lakini kurasa zote, pamoja na zile za maandishi madogo na viambatisho. Picha ya ukurasa wa saini peke yake siwezi kuisomea chochote. Na kama wakala amekwambia usaini leo leo, niandikie leo leo kabla hujaenda kwake.