Mwanangu, kuhusu Baba Mdogo na ulichoniuliza

Marahaba mwanangu. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu, sikujibu haraka kwa sababu sio jambo la kujibu mstari mmoja alafu mtu akalala. Umesema mama mkwe wako kakuuliza, mimba imefika miezi saba, eti kwenu si kuna kichaa, sasa huyo mjukuu wangu itakuaje? Na wewe ukanigeukia mimi: baba niambie ukweli, Baba Mdogo anaumwa nini hasa, ni kichaa, ni dipresheni, ni skizofrenia au nini, na mtoto wangu anaweza kuupata?

Kabla sijaandika nimemfata mwenyewe shambani nikamuomba ruhusa, maana ugonjwa ni wake sio wangu. Nimemkuta anapiga alizeti. Akaniambia kaka mwambie yote, hata ya kamba. Kwahiyo naandika mpaka ya kamba.

Baba Mdogo ana baipola, ugonjwa wa akili wa kupanda juu sana alafu kushuka chini sana. Sio skizofrenia, sio dipresheni ya kawaida, na hilo neno kichaa mi nimeacha kulitumia miaka mingi, sio kwa adabu tu, ni kwamba lilitupotezea muda. Sisi kijijini tulikua na neno moja. Asiyelala wiki nzima kichaa, anayesikia sauti kichaa, anayejifungia ndani hataki kula karogwa, bibi anayesahau njia ya kwake mchawi, anayekunywa mpaka anauza bati za nyumba huyo mlevi basi. Na ukiwa na neno moja utatafuta dawa moja, ikishindikana unasema ni mkosi wa ukoo.

Ilianza mwaka 1999 ye akiwa na miaka 22. Wiki nzima halali na wala hachoki, anaongea haraka mpaka maneno yanapandana, kila mtu ni rafiki yake, ana mipango ya kujenga shule, akachukua ng'ombe wawili wa babu yako akauza mnadani, hela akazigawa stendi kwa watu asiowajua. Tukasema malaria imepanda kichwani. Na hapo hatukukosea kabisa, nataka ujue hilo, mtu akichanganyikiwa ghafla ni lazima apimwe kwanza, malaria kali inaweza kufanya hivo, kaswende ya muda mrefu, VVU, sukari kushuka, kifafa, hata tezi ya shingoni. Akapimwa, malaria hana. Sisi tukasema kipimo kimekosea tukamnywesha kwinini mpaka masikio yanavuma.

Alafu tukampeleka kwa mganga. Mbuzi wawili. Mganga akasema afungwe asije akakimbia na majini yake, na mimi ndie niliyefunga ile kamba mwanangu, kwenye mti wa mwembe, wiki tatu. Ile alama kwenye kifundo cha mkono wake uliyokua unaiuliza ukiwa mdogo tukakwambia alianguka na baiskeli, sio baiskeli. Ni mimi. Yeye alishanisamehe zamani lakini mimi kila nikimpa mkono naiona.

Baada ya mwezi na kitu akatulia mwenyewe, mganga akachukua sifa. Kumbe huo ugonjwa ndo ulivyo, unapanda alafu unashuka, hata usipofanya chochote. Akashuka mpaka chini kabisa. Miezi mitano analala amegeukia ukutani, haogi, analia bila sababu, anasema mimi ni mzigo bora nisingezaliwa, na sisi tukaona afadhali sasa katulia hasumbui mtu. Tuliogopa kelele zake, ukimya wake hatukuuogopa, wakati ule ukimya ndio ungetuulia ndugu. Mtu mwenye haya magonjwa akianza kusema bora nife, sio kutafuta huruma, unamuuliza wazi kabisa, je unawaza kujiua? na hautakua umempa wazo ambalo hakua nalo, unamkalia karibu, unaondoa dawa za shambani na kamba, unampeleka hospitali.

Sasa hapa ndo utaona kwanini jina la ugonjwa ni muhimu. Mwaka 2001 alishuka tena, tukampeleka zahanati moja wakamuona ana sonona, yaani dipresheni, wakampa amitriptilini, dawa ya sonona, dawa nzuri tu kwa mwenye sonona. Hakuna aliyeuliza huko nyuma alikuaje, na sisi hatukusema. Ndani ya wiki chache akalipuka, mara hii vibaya kuliko mwanzo. Mwenye baipola ukimpa dawa ya kupandisha moyo peke yake bila ya kumshikilia asipande sana, unaweza kumrusha juu. Ndo tukafika kliniki ya mkoa, tukakutana na nesi mmoja mtu mzima, huyu alichukua karatasi akachora mstari, akaniambia mwalimu nionyeshe miaka hii miwili lini alikua juu, lini chini, lini alikua yeye mwenyewe. Nikachora milima na mabonde. Yule mama akaitazama akasema hapa katikati anakua mzima kabisa? Nikasema mzima kabisa, analima, anatania watu. Akasema basi tuanzie hapo. Mi miaka yote nilikua nafundisha hesabu na sijawahi kuwaza kumchorea ndugu yangu grafu.

Akaanzishiwa karbamazepini, dawa ambayo wengi wanaijua ya kifafa lakini inashikilia pia hayo mapanda shuka. Ipo na lithiamu, hiyo ni ya siku nyingi, daktari mmoja wa Australia, John Cade, ndie aliyeandika mwaka 1949 kwamba inatuliza watu waliopanda, mpaka leo inategemewa, ila inataka mgonjwa apimwe damu mara kwa mara maana ikizidi kidogo inakua sumu, na huko kwetu kipimo hakikuwepo. Akakaa miaka minne vizuri. Alafu akaacha dawa kwa sababu amepona. Unaona mtego wake? Ukipona kwa dawa unaona dawa haina kazi. Tukarudi wodini 2006. Tangu hapo hajaacha.

Nimekaa kwenye benchi la ile kliniki miaka 19 nikimsindikiza, mi sio daktari, lakini benchi linafundisha. Pale kuna watu wa kila aina na ukikaa nao ndo unajua hawafanani kabisa.

Wenye skizofrenia sio kupanda na kushuka. Huyo anasikia sauti zinamjadili, anaamini majirani wanamfatilia, redio inamsema yeye. Mara nyingi inaanza ujanani, mwishoni mwa miaka ya kumi na kitu au miaka ya ishirini na kitu, mtoto anafanya vizuri shule alafu taratibu anajitenga. Na kuna upande wake wa kimya ambao familia zinauita uvivu, haogi, haongei, hafurahi wala hahuzuniki. Watu wanawaogopa wakati niliowaona mimi wengi wao ndo waoga, wanatetemeka mlango ukigongwa. Shirika la Afya Duniani linasema ni kama mtu 1 katika 300. Kuna wanaochoma sindano ya mwezi na wanafanya kazi zao, huwezi kujua.

Sonona ndo dipresheni uliyoiandika. Huku kwetu haiji ikisema nina huzuni. Inakuja kama kichwa, mgongo, moto kifuani, mwili hauna nguvu, mtu anapimwa malaria, taifodi, vidonda vya tumbo, vyote hakuna, anaonekana anasingizia. Ukiona mtu wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, hafurahii alichokua anakipenda, usingizi umebadilika, chakula hakipiti, anajilaumu, hiyo sio stresi ya mwisho wa mwezi. Sisi tunasema ana mawazo, na Zimbabwe Washona wanasema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na huko daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wawasikilize na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja, wakaja kupima wakakuta inasaidia kweli. Nilivyosoma hilo nilimkumbuka bibi yako, yeye peke yake ndie aliyekua anakaa kitandani kwa Baba Mdogo kimya tu anamshika mguu.

Wasiwasi uliopitiliza nao ni ugonjwa, wengi kuliko wote kwa kweli. Kwa hesabu za shirika hilohilo za mwaka 2019, mtu 1 katika 8 duniani alikua na ugonjwa wa akili wa aina fulani, na wenye wasiwasi walikua milioni 301, wenye sonona milioni 280. Kuna dada pale kliniki alikua moyo unamwenda mbio ghafla, jasho, pumzi hakuna, anajua anakufa, kapimwa moyo mara nne uko salama. Kuna dereva aliyenusurika ajali, kila akisikia breki anaiona ile ajali upya, hicho ni kiwewe. Kuna mtu ananawa mikono mpaka ngozi inachubuka, anajua ni safi lakini wazo halimwachii. Na mateja, tunawatukana, uraibu nao uko humu, hospitali ya Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache heroini, mwaka 2011 na vijana wamerudi makwao. Usonji wa watoto nao ni kitu kingine, sitaingia huko leo.

Sasa tuje kwenye lako. Je inarithiwa? Inapita kwenye damu kiasi, sitakuficha. Kwa watu wote baipola ni kama mtu 1 au 2 katika 100. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye nayo inafika kama 5 mpaka 10 katika 100, maana yake hata hao 90 na zaidi hawapati. Wewe ni mtoto wa kaka yake, uko mbali kidogo, na mwanao yuko mbali zaidi. Hata pacha wanaofanana kabisa, mmoja akiwa nayo mwingine sio lazima aipate. Kwahiyo mama mkwe wako hajauliza vibaya, ila ajibiwe kwa hesabu sio kwa uvumi.

Ninachotaka ukishike ni wiki za mwanzo ukishajifungua. Siku ya tatu ya nne hivi kulia lia hovyo ni kawaida, wanawake wengi wanapitia, ndani ya wiki mbili inaisha. Isipoisha, ukawa humtaki mtoto wala huoni raha, hiyo inaweza kua sonona ya uzazi, inatibika, useme mapema. Na kuna kitu kikali zaidi, kichaa cha uzazi watu wanavyokiita, ni wanawake 1 au 2 katika 1000, kinakuja haraka, mara nyingi wiki mbili za kwanza: mama halali hata mtoto akiwa amebebwa na mwingine, ana nguvu za ajabu, anaongea bila kukata, anahisi mtoto kabadilishwa au anasikia vitu. Hicho hakisubiri kesho wala maombi, ni hospitali siku hiyohiyo, usiku huohuo. Hatari zaidi ni kwa ambaye mwenyewe ana baipola au mama yake au dada yake alishapata hicho kichaa cha uzazi, wewe huna hata kimoja, lakini kliniki ukienda mwambie nesi wa wajawazito kwamba baba mdogo wako ana baipola, mwambie aandike kwenye kadi. Usione haya. Sisi tulinyamaza zahanati na unajua kilichotokea. Na mwambie mumeo asome hii aya, maana ukipanda wewe mwenyewe hutojua, utaona uko vizuri kuliko siku zote, hivo ndivyo Baba Mdogo anavyoeleza.

Usingizi tutaulinda. Nimeshaongea na mama yako, atakuja wiki mbili kabla ya tarehe, usiku mtoto akishanyonya anabebwa yeye, wewe unalala, na mama mkwe wako kama atapenda wapokezane, na mi ningependa apende.

Baba Mdogo nae anakuja akishauza alizeti. Ataleta madumu mawili ya mafuta. Amesema atabeba na kadi yake ya kliniki, na mama mkwe wako akitaka kuuliza chochote amuulize yeye mwenyewe.

Baba yako