Bastola ya Patton: usiitaje jina kabla hujaitazama picha vizuri

Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwa uhakika mkubwa kwamba Jenerali George S. Patton wa Marekani alikuwa akivaa bastola mbili pacha za kampuni ya Colt, za mpini mweupe, moja kila upande wa kiuno. Nilikuwa na picha ya miaka ya Vita vya Pili vya Dunia mbele yangu: amesimama, kofia ya chuma kichwani, mpini mweupe unang'aa pajani. Baada ya siku mbili msomaji mmoja aliyewahi kuwa fundi wa silaha aliniandikia mstari mmoja tu: "Umeitazama nyundo?"

Nyundo ni kile kipande cha nyuma ya bastola kinachogonga risasi, nami sikuwa nimeitazama. Nilikuwa nimeona weupe, nikakumbuka hadithi, nikaandika hadithi. Jioni ile nilirudi kwenye picha, nikaikuza hadi mshono wa mkanda ukaonekana, na bastola niliyoiita Colt haikuwa Colt. Tangu hapo watu wengi wananitumia picha za zamani wakiuliza kamanda fulani kavaa bastola gani. Ninayowaandikia hapa ndiyo ninayowajibu, na mfano wangu ni Patton, kwa sababu silaha zake zinajulikana vizuri. Ukikosea, kuna pa kujisahihisha.

Kwanza tujue alikuwa na nini. Bastola yake mashuhuri zaidi ni rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ya Colt Single Action Army, ya risasi za .45, aina iliyoingia jeshi la Marekani mwaka 1873. Alianza kuimiliki mwaka 1916, akiwa luteni kwenye mpaka wa Mexico. Imechovywa fedha, imejaa nakshi, mtutu wake una inchi 4¾, na mpini ni wa pembe za ndovu wenye herufi za jina lake. Ndiyo aliyokuwa nayo tarehe 14 Mei 1916, alipopambana na wapiganaji wa Pancho Villa, mwanamapinduzi wa Mexico, katika shamba la San Miguelito karibu na Rubio. Miongoni mwa waliouawa siku ile alikuwemo Julio Cárdenas, mmoja wa makamanda wa Villa, na Patton alichonga alama mbili kwenye mpini.

Ya pili si Colt kabisa. Ni Smith & Wesson ya .357 Magnum, yenye mtutu wa inchi 3½, na chuma chake ni cheusi chenye ubuluu. Aliipata mwaka 1935 akiwa Hawaii, mwaka uleule risasi hiyo ilipoingia sokoni. Nayo aliitia mpini wa pembe za ndovu. Hapo ndipo wengi tunapoteleza: mipini miwili meupe, watu wanadhani bastola mbili za aina moja.

Ukishajua hayo, tarehe ya picha inakufanyia nusu ya kazi. Picha ya Patton akiwa na vifaru Ufaransa mwaka 1918 haiwezi kuwa na Smith & Wesson ile, hata mpini uonekane mweupe namna gani. Ilikuwa haijatengenezwa. Kwa hiyo kabla sijaikuza picha hutafuta kwanza ilipigwa lini na wapi. Picha nyingi za jeshi la Marekani za wakati ule zilipigwa na Signal Corps, kikosi chake cha mawasiliano, na leo zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi hiyo zikiwa na maelezo yake. Tafuta nakala ya huko badala ya ile iliyopita mikono hamsini mtandaoni. Picha iliyobanwa mara nyingi hupoteza kingo, na kingo ndizo unazozihitaji. Lakini maelezo nayo yapime kwa macho yako. Aliyeyaandika alikuwa mwanadamu mwenye haraka, pengine hata hakuwepo picha ilipopigwa.

Sasa nyundo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika picha nyingi bastola imo ndani ya ala na kinachobaki nje ni mpini, nyundo na labda sehemu ya duara la chuma linalolinda kifyatulio. Usikate tamaa, hayo matatu yanatosha. Colt ya 1873 lazima uivute nyundo kwa kidole gumba kila unapotaka kufyatua, kwa hiyo nyundo yake ni ndefu, imesimama, na ncha imepinda nyuma kama mkia wa jogoo. Mpini wake unashuka kutoka kwenye nyundo kwa mpindo mmoja laini, bila kuvunjika popote, kama mpini wa plau. Smith & Wesson inaweza kufyatuliwa kwa kuvuta kifyatulio peke yake. Nyundo yake ni fupi zaidi, na chini yake, pale mpini unapoanza, chuma kinatokeza kama kijinundu kabla ya kushuka. Kijinundu hicho ndicho nilichokiona jioni ile. Nilikitazama muda mrefu, kwa sababu kilikuwepo siku zote na mimi nilikuwa nimekipita.

Zoezi ninalompa kila anayeanza ni hili: funika mpini kwa kidole au karatasi, utazame kilichobaki. Weupe unavuta macho mno, na ukishautoa unaanza kuona umbo.

Ikiwa bastola imetolewa kwenye ala, kazi ni rahisi zaidi. Chini ya mtutu wa Colt, kidogo upande wa kulia, kuna mrija mwembamba wenye kijiti cha kusukumia maganda, na nyuma ya silinda, upande huohuo wa kulia, kuna kijilango cha kuingizia risasi moja moja. Smith & Wesson silinda yake hufunguka kwa kuangukia kushoto, na kitufe cha kuifungulia kiko kushoto. Unaweza pia kupima, ila usipime kwa inchi. Pima kwa uwiano. Mtutu wa Colt ile una urefu wa karibu mara tatu ya silinda yake; wa Smith & Wesson ni zaidi kidogo ya mara mbili. Silinda na mtutu viko kwenye mstari mmoja, kwa hiyo hata kama bastola imeelekea pembeni kidogo, uwiano haupotei sana. Kupima bastola kwa kulinganisha na mkono wa mtu au upana wa mkanda sikushauri. Mkono uko karibu na kamera, bastola iko nyuma, na hesabu yote inaharibika.

Kuna jambo la kulia na kushoto ambalo limewahi kupotosha dunia nzima. Picha mashuhuri ya Billy the Kid, jambazi wa Marekani wa karne ya 19, ilipigwa juu ya bamba la chuma, na picha za aina hiyo hutoka zimegeuzwa kama kwenye kioo. Kwa miaka mingi watu waliamini alikuwa anatumia mkono wa kushoto kwa sababu bastola ilionekana upande huo. Bunduki aliyoishika ndiyo iliyofichua ukweli: ni Winchester ya 1873, ambayo kijilango chake cha risasi kiko kulia, na kwenye picha kinaonekana kushoto. Picha za filamu za miaka ya 1940 hazigeuki zenyewe, lakini negativu ikiwekwa kinyume wakati wa kusafisha, au mhariri akitaka jenerali atazame ndani ya ukurasa, mambo ni yaleyale. Kwa hiyo kabla hujasema "kiuno cha kulia", tazama nguo. Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu, na utepe wa nishani hukaa kifua cha kushoto. Maandishi yoyote kwenye gari au begani yatakuambia mara moja. Nimewahi kupewa picha ambayo mjadala wake ulikuwa umedumu wiki nzima, na jibu lilikuwa kwenye vifungo.

Rangi ni mtego mwingine. Katika picha nyeusi na nyeupe, chuma cheusi kikipigwa na jua huwaka kama fedha, na fedha iliyo kivulini huonekana nyeusi. Filamu za zamani zaidi hazikuona rangi nyekundu vizuri na ziliona buluu kuwa nyeupe, ndiyo maana mbingu za picha nyingi za Vita vya Kwanza ni tupu. Chuma chenye ubuluu kwenye filamu kama hiyo kinaweza kutoka chepesi kuliko kilivyo. Basi mimi siandiki "imechovywa fedha" kwa kutegemea mng'aro. Hutafuta nakshi, madoa madoa yanayofuata mpangilio juu ya silinda na fremu. Nisipoziona nanyamaza.

Na lulu? Utasikia kila mahali kwamba Patton alikuwa na mipini ya lulu. Ilikuwa pembe za ndovu, na mwenyewe hakupenda kabisa kusikia watu wakisema lulu. Lakini naomba tuwe waaminifu: picha nyeusi na nyeupe peke yake mara nyingi haiwezi kukutofautishia gamba la chaza na pembe. Zote ni nyeupe. Gamba hucheza na mwanga kwa mabaka, pembe hutulia, lakini kwa umbali wa hatua kumi na filamu yenye chembe, hiyo si hoja ya kusimamia. Hilo tunalijua kwa sababu bastola zenyewe zimehifadhiwa, zimewahi kuoneshwa kwenye jumba la makumbusho la Patton huko Fort Knox, Kentucky, na watu wamezitazama kwa macho. Jifunze kutenganisha kile picha ilichokuambia na kile ulichokipata kwingine, kisha uviandike kwa mafungu mawili. Mimi sasa nina daftari lenye safu mbili kwa ajili hiyo tu.

Kuhusu ala nitasema kwa ufupi. Ala inasaidia sana kwa makamanda ambao bastola zao zimefunikwa kabisa. Ya Luger P08 ya Wajerumani ina kifuniko kigumu cha mviringo na mfuko wa magazini (kasha la risasi) ya akiba kwenye ukingo wa mbele. Ya Mauser C96 mara nyingi ni ya mbao na hugeuka kuwa kitako cha bega. Ya Colt M1911 ya Wamarekani ina kifuniko kirefu kilichogandamizwa herufi US. Lakini ala ni ushahidi wa ala. Ofisa anaweza kuweka ndani yake kitu kingine, na majenerali wa Marekani katika Vita vya Pili walipewa pia Colt ndogo za mfukoni ambazo nyundo yake imefichwa, kwa hiyo jenerali mwenye ala ndogo hana lazima ya kuwa na silaha ya askari wake.

Makala yangu ya kwanza niliisahihisha wazi, juu kabisa, nikaacha kosa lisomeke na sahihisho chini yake. Yule fundi nilimtumia picha iliyokuzwa nikiwa nimezungushia kijinundu duara jekundu. Alijibu kwa kunitumia picha nyingine ya jenerali huyohuyo, safari hii ubavu wa kushoto, mkono umefunika nusu ya mpini, na swali lilelile. Hiyo bado iko mezani kwangu. Nyundo inaonekana ndefu na nundu silioni, ila kidole kimeziba pale mpini unapoanza, kwa hiyo kwenye daftari nimeandika "huenda Colt" na nimeagiza nakala kubwa zaidi.