Skailaiti juu ya slabu: kazi kubwa iko kabla ya kioo

Nyumba nyingi za Sinza, Kijitonyama na Magomeni zimeongezwa vyumba mpaka zikakaribia kugusa ukuta wa jirani. Ukishajenga jiko au sebule mpya nyuma ya nyumba, chumba cha katikati kinapoteza dirisha lake, na watu wanawasha taa saa nne asubuhi. Ndiyo sababu siku hizi wenye nyumba wengi wanaulizia skailaiti, kile kijibanda cha kioo kinachonyanyuka juu ya slabu (paa bapa la zege) na kuleta mwanga katikati ya chumba. Mimi nasimamia ujenzi wa nyumba za kuishi hapa Dar, na ni kitu ninachokipenda kwa dhati. Ndicho pia kinachonipigisha mbio masika yakianza, kwa sababu nyingi zinavuja.

Zikivuja, lawama anatupiwa fundi wa alumini, lakini kioo mara nyingi hakina kosa. Maji yanapita pale kazi ya fundi mmoja inapoishia na ya mwenzake inapoanzia. Fundi wa zege anaacha tundu na kuondoka. Wa membreni anakuja na mtungi wake wa gesi, anaichoma ile karatasi ya lami juu ya slabu, anaishia ukingoni mwa tundu. Wa alumini anakuja mwisho, anakalisha fremu, anapiga silikoni, ile gundi ya kuziba mianya, kuzunguka. Kila mmoja kamaliza yake, na ule mshono ulio kati yao hauna mwenyewe.

Kuna nyumba moja Kijitonyama niliitwa, dari ina doa la rangi ya chai kwenye kona moja ya skailaiti. Silikoni ilikuwa imepakwa juu ya silikoni mpaka imevimba. Tulipoinua fremu, membreni ilikuwa imepanda ule ukuta mfupi wa ukingo vidole viwili tu, halafu ikakatwa na kufunikwa plasta. Maji yalikuwa yanaingia nyuma ya plasta, yanashuka nyuma ya membreni na kutokea ndani. Silikoni yote ile ilikuwa imepakwa mahali ambapo maji hayapiti.

Kwa hiyo kama una nguvu ya kusimamia jambo moja tu, simamia ukingo. Nazungumzia ule ukuta mfupi wa zege unaozunguka tundu, ambao fremu inaukalia. Kipimo kinachokubalika ni usipungue milimita 150 juu ya uso wa paa lililokwisha kumalizika, na hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa. Watu wanapima kutoka kwenye zege tupu. Inakuja skridi, lile tabaka la mota la kutengeneza mteremko, inakuja membreni, wengine wanaweka na vigae juu, na ukingo uliokuwa na milimita 150 unabaki na 70. Kwa mvua za hapa mimi nataka 250 au 300 toka mwanzo. Majani ya mwarobaini yakiziba tundu la bomba, paa linageuka bwawa kwa muda mfupi sana, na ukingo mfupi hauna la kufanya.

Ukingo umwagwe zege pamoja na slabu. Ikishindikana, basi uunganishwe na nondo za kusimama zilizoachwa tangu slabu inasukwa. Usikubali tofali zipangwe juu ya slabu iliyokauka. Pale tofali linapokaa ndipo nyufa ya kwanza inapotokea. Na tundu lenyewe lichorwe na mhandisi, kwa sababu nondo zilizokatishwa na tundu lazima zifidiwe kwa nondo za ziada pande zote, na kwenye kona ziwekwe za mshazari, maana nyufa za slabu hupenda kuanzia konani. Ukitaka kutoboa slabu iliyokwisha kumwagwa, mhandisi aje kabla ya mashine ya kuvunjia zege. Hapo sibembelezi mtu.

Boksi la ukingo likishasimama, pima mshazari zote mbili kutoka kona hadi kona. Zikilingana, na pande zinazotazamana zikiwa sawa, kona zako ni nyoofu. Usawa wa juu upimwe kwa mpira mwembamba uliojazwa maji. Kile kifaa cha pima maji kikiwa kifupi kinadanganya kwenye urefu wa mita mbili. Halafu karakana ya alumini ichukue vipimo kwenye ukingo uliokauka. Mchoro unasema kimoja na zege linatoka lingine, siku zote.

Membreni ipande ukingo wote, ipite juu yake na ishuke kidogo upande wa ndani. Kabla haijalazwa, ile kona kati ya slabu na ukingo ijazwe mota kwa mshazari, maana karatasi ya lami ikikunjwa pembe kali inapasuka baada ya jua la msimu mmoja. Kona nne zipewe viraka vyake. Kisha zibeni matundu ya kutolea maji ya paa, jazeni paa maji ya milimita 50, myaache saa 24 hadi 48, mkikagua dari. Maji ya kina hicho yana uzito wa kilo 50 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paa la mita za mraba 20 linabeba tani nzima. Mhandisi aambiwe mapema. Jaribio hili lifanyike kabla fremu haijapanda. Fremu ikishakaa, hutajua tena nani kakosea.

Fremu iwe pana kuliko ukingo, itokeze nje na kushuka chini kidogo, ili maji yadondoke bila kurudi kinyumenyume chini ya alumini. Skrubu ziingie kwa ubavuni. Skrubu iliyopigwa kutoka juu ni tundu la maji, hata ukiifunika na nini. Ziwe za chuma kisichoshika kutu, hasa Msasani, Mbezi Beach na Kigamboni, ambako chumvi ya bahari inakula chuma cha kawaida upesi. Na silikoni uinuse: ikitoa harufu kali ya siki, hiyo si ya kazi hii, kwa sababu tindikali yake inakula chuma na haishiki vizuri kwenye zege. Dukani ulizia ile isiyo na tindikali.

Kioo cha juu ya kichwa kiwe laminati, yaani vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, hasa tabaka la ndani. Tempa, kioo kilichokomazwa kwa joto, peke yake ni imara, ila siku ikipasuka inamwagika chini punje punje. Laminati ikipasuka inabaki imeshikana. Kama una mnazi au mwembe karibu, huna haja ya maelezo zaidi.

Sasa jua. Video nyingi watu wanazonionyesha ni za Uingereza, ambako jua la majira ya baridi linapita chini na wanalitafuta kwa kila njia. Dar iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena katikati ya Oktoba, jua la saa sita linasimama utosini kabisa, na miezi mingine haliendi mbali. Skailaiti kubwa hapa ni jiko la pili. Kwa chumba cha mita nne kwa nne, kioo cha mita moja kwa moja na nusu kinatosha kabisa. Kipe mteremko wa digrii 15 au zaidi ili mvua ioshe vumbi, na ubavuni weka luva, vile vipande vya mshazari vinavyopitisha hewa, zenye wavu wa mbu, hewa ya moto itoke. Upande unaopigwa na upepo wa kusi usiwe na luva.

Ukiona matone kwenye kioo alfajiri na mvua haikunyesha, huo ni mvuke wa jikoni uliogeuka maji usiku, na luva hizohizo ndizo zinazoutoa. Chini ya kioo weka grili, ifungwe kwenye zege kabla ya plasta ya ndani.

Mafundi wa membreni na wa alumini waandike makubaliano kwenye karatasi moja, mshono ule ukitajwa kwa jina na nani anaubeba. Sehemu ya malipo ya wote wawili ibaki mkononi mwako mpaka masika ya kwanza yapite. Fundi anayeiamini kazi yake atakubali, na anayekataa utamjua kabla hajapanda juu ya paa lako.