Mchungaji kutoka Marekani, panga mapumziko yako ya Uingereza mapema

Jumatatu ndiyo siku ya kupumzika ya wachungaji wengi wa Marekani, na anayehamia Uingereza huibeba desturi hiyo pamoja na masanduku yake. Afadhali aiache huko huko. Uingereza makumbusho mengi madogo na migahawa mingi ya vijijini hufunga Jumatatu, baada ya kuhudumia watu wikendi nzima. Isitoshe, sikukuu kadhaa za kitaifa huangukia Jumatatu: ya Pasaka, mbili za Mei, moja ya mwisho wa Agosti. Siku hizo barabara hujaa, na wewe hujaongezewa chochote, umepewa ile ile siku yako. Chagua Alhamisi au Ijumaa.

Na iandikwe kabla hujasaini. Mara nyingi sheria ya huko haimhesabu mchungaji kuwa mwajiriwa bali mshika wadhifa, hivyo likizo yake inategemea kilichomo kwenye masharti ya utumishi. Kanisa la Anglikana la huko lina kiwango chake: saa 24 mfululizo za kupumzika katika kila siku 7, na siku 36 za likizo kwa mwaka. Makanisa mengine kila moja lina utaratibu wake. Uliza siku gani ya wiki, Jumapili ngapi unaruhusiwa kutokuwepo, na nani atapokea simu za washarika siku hiyo. Hili la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo huua mapumziko.

Gari nalo lina tarehe yake ya mwisho. Leseni ya Marekani inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uanze kuishi huko, basi. Haibadilishwi kwa ya Uingereza. Muda ukipita bila kufaulu mtihani unakuwa mwanafunzi, mwenye kibao cha L na msimamizi pembeni, hata kama umeendesha miaka 30. Omba leseni ya kujifunzia mapema. Mtihani wa nadharia una maswali 50, na kufaulu ni 43. Unafuatiwa na video 14 za kutambua hatari, ambazo unatakiwa kupata alama 44 kati ya 75. Ukishafaulu, weka nafasi ya mtihani wa barabarani siku hiyo hiyo, maana foleni yake inaweza kuwa ya miezi. Barabarani unasamehewa makosa madogo 15. Kubwa moja tu linakuangusha. Kinachowaponza wazoefu ni mazoea: kukata kona taa ikiwa nyekundu, jambo linaloruhusiwa sehemu nyingi za Marekani lakini Uingereza ni kosa, au kuingia kipilefti bila kumpisha anayetokea kulia. Mchungaji aliyejifunzia gari Mwanza au Nakuru kabla ya kwenda Marekani ana nafuu, kwa kuwa upande wa kushoto anaujua. Ukifanya mtihani kwa gari la otomatiki, leseni yako itakuwa ya otomatiki tu.

Sasa mapumziko yenyewe. Kwa mchungaji, hakuna yanayoshinda kutembea kwa miguu mashambani. Ni bure, na kichwa kinapumua. Mmarekani huogopa kukanyaga shamba la mtu. Uingereza njia ya umma inakatiza shamba kwa haki ya kisheria, mradi usitoke nje yake. Nunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa la huko, ya aina ya Explorer, yenye jalada la rangi ya chungwa. Kipimo chake ni 1:25,000, yaani sentimita 4 ni kilomita 1. Vistari vifupi vya kijani ndizo njia za waenda kwa miguu. Vistari vyeusi ndivyo vinavyowapoteza wageni: vinaonyesha kwamba njia ipo ardhini, havisemi kwamba una haki ya kuipita. Kwenye nguzo fuata mshale wa njano. Wa bluu ni wa njia ambayo farasi na baiskeli nao hupita.

Utakutana na geti dogo linalocheza ndani ya uzio wenye umbo la nusu duara, ili mtu apite na ng'ombe asipite. Lisukume, ingia, jibanze pembeni kabisa, lirudishe geti nyuma yako ndipo utoke upande wa pili. Ukiwa na begi kubwa mgongoni utanasa; livue ulinyanyue juu ya kichwa. Mageti mengine yaache ulivyoyakuta. Ng'ombe wenye ndama wazungukie kwa mbali. Kama una mbwa na ng'ombe wakakukimbilia, mwachie kamba: wanamfuata yeye, na yeye ana mbio kuliko wewe.

Muda upige hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 zenye mwinuko wa mita 300 ni karibu saa 3, bila chai na bila matope. Desemba jua la London huzama kabla ya saa 10 alasiri, hivyo ukianza saa 7 mchana utamalizia gizani. Juni una mwanga hadi saa 3 usiku.

Mvua ikikaza, nenda ibada ya jioni ya kwaya kwenye kanisa kuu la Kianglikana, kwa kawaida saa 11 au 11:30 jioni. Haina kiingilio, hata pale ambapo watalii hulipa. Wewe huimbi, unakaa na kusikiliza, na kwa mtu anayeongoza ibada kila wiki hiyo ni raha kubwa. Angalia ratiba kwanza, maana Agosti kwaya nyingi huwa likizo. Siku nyingine nenda Olney, alikohudumu mchungaji John Newton tangu 1764 hadi 1780 na kuandika wimbo wa “Amazing Grace”. Hakuna stesheni ya treni. Shukia Bedford, mji alikofungwa miaka 12 John Bunyan, mhubiri aliyeandika “The Pilgrim's Progress”, kisha panda basi.

Mengine ni mafupi. Mashine yako ya kahawa ya volti 120 usiichomeke kwenye umeme wa volti 230, itaungua. Jumapili maduka makubwa hufunguliwa kwa muda wa saa 6 tu, na mengi huwa yamefungwa saa 10 alasiri, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi. Saa za Marekani husogezwa mbele wiki mbili au tatu kabla ya za Uingereza kila Machi. Katika wiki hizo simu yako ya saa 2 usiku, iliyozoea kumkuta mzazi New York saa 9 alasiri, itamkuta saa 10. Mwisho wa Oktoba hutokea tena, kwa wiki moja.