Maswali ya wasomaji: tanga la mbele la boti ya safari

Boti yangu ina futi 32. Ninunue tanga gani la mbele? (Msomaji wa Kibirizi)

Hili ni swali la nne la aina hii tangu mwezi uanze, na wote wanne mmenitajia urefu wa boti tu. Fundi hashoni tanga kwa urefu wa boti. Anahitaji umbali kutoka mlingotini hadi pale waya wa mbele unapofungwa omoni, yaani ncha ya mbele ya boti, urefu wa waya wenyewe, na mahali demani, ile kamba ya kuvutia tanga, inapopita sitahani. Chukua futi kamba, pima, kisha uniandikie tena.

Nimeshauriwa nishonee jenoa (tanga kubwa la mbele linalopita mlingoti) ya asilimia 150, eti upepo wa Ziwa Tanganyika ni mdogo. (Msomaji wa Ujiji)

Ni mdogo lini? Aliyekushauri huenda aliliona ziwa wakati wa masika, siku ambayo mvua haikuja na dhoruba yake. Kuanzia Mei hadi Agosti kusi huvuma likifuata urefu wa ziwa, ambao ni takriban kilomita 670, na mawimbi hupata nafasi ndefu ya kukua. Anayetoka Kigoma kwenda Kasanga msimu huo hubisha, yaani huupanda upepo kwa kugeuzageuza, karibu safari nzima, na kubisha ndiko kunakoumbua tanga lililochaguliwa kwa tamaa. Kama kutoka mlingotini hadi waya wa mbele ni mita 4, jenoa ya asilimia 150 ina mita 6 kutoka ukingo wake wa mbele hadi pembe ya demani. Mita mbili nzima za kitambaa unaziburuta kuuzunguka mlingoti kila unapogeuza, na kitambaa hichohicho hukuzibia mitumbwi ya wavuvi upande ule ulioinamia. Mimi ningeshona ya asilimia 115, na nisingepita 135 hata ningepewa bure.

Tanga langu hujizungushia kwenye waya wa mbele. Si nikilikunja nusu linatosha kuwa tanga la dhoruba? (Msomaji wa Kigoma mjini)

Halitoshi. Ukikunja robo hivi, hasa kama limeshonewa sponji kwenye ukingo wa mbele, bado litakuwa na umbo, mradi uisogeze njia ya demani mbele. Ukizidisha, tumbo hubaki katikati, ukingo wa mbele hunenepa kama mkeka uliokunjwa, na boti huinama zaidi ya inavyokwenda. Tanga la dhoruba ni dogo, la kitambaa kizito, na linahitaji waya wake. Hukuniuliza habari ya kamba ya kuzungushia, lakini ikague. Yangu ililika pale inapoingia kwenye ngoma, lile gurudumu la chini inakojizungushia, ikakatika usiku karibu na Ras Kabogo, na tanga lote likafunguka kwa pigo moja wakati ambao ningetaka hata lile dogo liwe limetuliwa.

Turubali la plastiki je? (Msomaji wa Kibirizi)

Funikia dagaa.

Nimeuziwa tanga lililotumika, nitalileta Kigoma kwa treni. Nilikagueje? (Msomaji wa Tabora)

Ungeuliza kabla ya kulipa. Litandaze juani, kisha kwaruza mshono kwa ukucha: uzi ukikatika, tanga zima linahitaji kushonwa upya, maana uzi hufa kwa jua kabla ya kitambaa. Kisha kunja pembe ya nyuma na uisikilize. Kitambaa kizuri hulia kwa ukavu. Kilichochoka hulala mkononi kama shuka. Mwisho, tazama ule utepe mzito wa rangi ulioshonwa kwenye ukingo wa nyuma na wa chini. Kazi yake ni kupokea jua tanga likiwa limekunjwa, kwa hiyo lazima ubaki nje. Ukiona unaingia ndani, usiufumue. Izungushe kamba ya kuzungushia kwenye ngoma upande wa pili, na tanga litajikunja kinyume.