Watoto Walioko Gereji Nao Wahesabiwe

Swali la wiki hii linauliza: baada ya serikali kufuta ada na kujenga maelfu ya madarasa, je, bado kuna mtoto wa Tanzania anayeachwa nyuma na elimu, na kama yupo, fedha za umma zielekezwe wapi kwanza? Jibu langu ni kwamba wapo, tena ni wengi, na kwamba fedha ya kwanza inayoweza kuongezwa sasa iwafuate kwa mafundi wa mtaani, kwa sababu huko ndiko wengi wao wanakojifunza kazi na huko ndiko mkono wa serikali haujafika ipasavyo.

Nianze kwa kutoa haki inapostahili. Nilifundisha katika shule ya sekondari ya kata mkoani Morogoro hadi nilipostaafu, na ninazikumbuka Januari za zamani, watoto waliofaulu darasa la saba wakibaki nyumbani kusubiri chaguo la pili kwa kuwa hapakuwa na darasa la kuwaweka. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001 pamoja na kuanza kwa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, shule za kata zikaenea baada ya MMES, mpango kama huo wa sekondari, mwaka 2004, Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukaondoa ada hadi Kidato cha Nne kuanzia Januari 2016. Mwaka 2021, kutokana na mkopo nafuu wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa wakati wa UVIKO-19, yakajengwa madarasa 15,000, ambayo 12,000 kati yake yalikuwa ya sekondari. Na mwaka 2022 ada ya Kidato cha Tano na cha Sita nayo ikafutwa. Hayo yameingia katika nyumba za watu maskini, nami nimeyaona.

Hata hivyo, nafasi ya Kidato cha Kwanza ni ya aliyefaulu. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi wa mwaka 2023 waliofaulu walikuwa takriban asilimia 80, maana yake ni kwamba watoto zaidi ya 200,000 hawakupata nafasi hiyo, na hali ya mwaka uliofuata haikuwa tofauti sana. Ukifika Kidato cha Nne unakutana na takwimu nyingine inayosumbua zaidi: ufaulu wa mwaka 2023 ulitangazwa kuwa karibu asilimia 89, lakini waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa asilimia 37 tu. Wengine wote waliotajwa kuwa wamefaulu walipata daraja la nne, na kwa sehemu kubwa ya vijana hao safari ya darasani huishia hapo.

Watu husema haraka kwamba hao ni wavivu. Mimi niliyesahihisha madaftari yao sikubali. Wapo waliotembea kilomita nyingi asubuhi na kurudi jioni na njaa. Wapo waliopangiwa chumba karibu na shule, yale tunayoyaita mageto, wasichana wa miaka 14 wakijipikia wenyewe na kulala bila mtu mzima wa kuwaangalia, na wapo miongoni mwao waliopata mimba na kuondoka kwa aibu, hadi Waraka Na. 2 wa 2021 ulipowafungulia tena mlango. Lakini lililoniumiza kuliko yote lilikuwa lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya kijijini husomeshwa kwa Kiswahili kwa miaka 7, kisha anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kike ambaye, nikimuuliza kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, alieleza kila hatua, mwanga, maji na hewa, bila kutazama kitabu. Kwenye mtihani nafasi ya swali hilohilo aliiacha tupu, kwa sababu hakuelewa alichoulizwa. Mwenzake aliyetoka shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, ambayo wazazi huilipia, aliandika mistari mitatu ya kukariri na akapata alama zote. Wote wawili walikuwa na dawati, na wote wawili hawakulipa ada ya sekondari.

Sasa, vijana wa aina hii wanakwenda wapi? Wengi wako kwa mafundi. Karibu na ninapoishi kuna safu ya karakana: wachomeleaji, mafundi gereji, maseremala, na upande wa pili wa barabara kuna mafundi cherehani na saluni. Siku moja nilisimama kwa mchomeleaji mmoja aliyekuwa akimwelekeza kijana kupanga nondo za dirisha. Uwazi ulikuwa sentimita 120, nondo zilikuwa 9 zenye unene wa milimita 12. Kijana aligawanya 120 kwa 10, akachora alama kwa chaki, na fundi akazifuta kwa kiganja. “Toa kwanza unene wa nondo zote, ndipo ugawe kinachobaki,” alimwambia. Kijana akahesabu upya kwa midomo, akapata karibu sentimita 11 kwa kila nafasi, akapanga, na nondo ya mwisho ikakaa mahali pake. Na kijana huyo alipata F ya Hisabati shuleni. Ninachotaka wasomaji wakione ni kwamba pale palikuwa na mwalimu, mwanafunzi, somo na mtihani, na wote wanne hawamo katika takwimu yoyote ya elimu.

Pamoja na uzuri wake, sitaki kuipamba hali hiyo. Kijana huyo alikuwa akichomelea akiwa amevaa miwani ya jua ya kawaida, kwa kuwa ngao ya uso ilikuwa moja tu na aliivaa fundi. Hana mkataba. Hakuna anayejua atamaliza lini; fundi asiye mwema anaweza kumshikilia kwa miaka kama kibarua wa bure, na fundi mwema anaweza kumfundisha kila kitu kisha kijana akaondoka bila karatasi inayomtambulisha kwa mwajiri. Isitoshe, hata huko umaskini huwafuata. Katika ufundi cherehani mzazi mara nyingi hutakiwa kumlipa fundi na kununua vitambaa vya kujifunzia, wakati mwingine na cherehani yenyewe, hivyo binti asiye na kitu hubaki nyumbani, au huenda mjini kufanya kazi za ndani.

Serikali ina mipango, na si haki kusema haina. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ipo kwa sheria ya mwaka 1994. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vipo 54, na vimewapokea wasichana wengi waliokatishwa masomo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina mpango wa IPOSA kwa vijana walio nje ya shule. Chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kumekuwa na programu ya kukuza ujuzi yenye mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa kuifanya chini ya anayeijua, na urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti. VETA imejaribu pia uanagenzi pacha, kijana akigawanya muda wake kati ya chuo na kiwanda. Vyuo vya VETA vya wilaya vinaendelea kujengwa, na tangu Januari 2024 mtaala mpya wa sekondari umekuwa na mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na kazi za mikono. Yote ni mazuri, ila yanaanzia kwenye jengo. Chuo kimoja cha wilaya, hata kikijaa, hakiwezi kuchukua vijana wa kata zote, na anayetoka kata ya mbali anahitaji bweni. Ada ya kozi ndefu za VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, mbali na ovaroli, buti na nauli. Ada hiyo ni ndogo ukilinganisha na gharama halisi, nakiri, lakini kijana anayeendelea Kidato cha Tano halipi hata shilingi ya ada, na mzazi wa kijijini anauona ujumbe uliomo ndani ya tofauti hiyo bila kuambiwa na mtu.

Kuhusu mkondo wa amali nina hofu moja tu: kwamba somo la umeme litafundishwa ubaoni, kama tulivyofundisha kemia bila maabara, ilhali mita 300 kutoka shuleni kuna karakana yenye kila kitu.

Ninachopendekeza ni hiki. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2012 ilikuwa asilimia 6 ya mishahara na ikashushwa hatua kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023. Sehemu ya tozo hiyo imwendee fundi anayefundisha. Fundi apimwe kwanza na VETA kwa njia ya urasimishaji, ili ijulikane kwamba anaweza kazi na anaweza kuelekeza. Kisha mkataba wa miaka 2 uandikwe ofisini kwa mtendaji wa kata, usainiwe na fundi, kijana na mzazi, ukieleza saa za kazi, vifaa vya kujikinga na siku moja ya darasani kila wiki. Darasa hilo lisijengwe. Shule ya kata inayo, na Jumamosi ni tupu. Mwalimu wa Hisabati alipwe posho afundishe vipimo, makadirio ya gharama na Kiingereza cha kazi, kwa lugha wanayoielewa. Fundi alipwe kwa awamu, na malipo makubwa yaje baada ya kijana kufaulu jaribio la VETA, si kabla.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza, nalo ni la utumikishwaji wa watoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inamzuia aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari. Iheshimiwe: uchomeleaji usubiri umri wake, na kuna ushonaji, useremala wa mkono na mengine ya kuanzia. Lakini leo hii mtoto wa miaka 13 anaweza kuwa chini ya gari gereji na hakuna ofisi inayojua. Mkataba unaoandikishwa kwenye kata ndio utakaomfanya aonekane.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na limenisumbua kwa muda mrefu: kwamba tutakuwa tunawatenga watoto wa maskini mapema, wao waende kwenye spana na watoto wa wenye nacho waende chuo kikuu. Kwa hiyo sisemi mtoto wa darasa la saba atolewe shuleni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, na ninataka itekelezwe kwa kila mtoto. Uanagenzi ninaousema ni wa waliomaliza Kidato cha Nne na wa waliokwisha kuacha shule wakiwa na umri wa kutosha, na cheti chake lazima kimruhusu kijana kuendelea hadi stashahada akitaka. Bila mlango huo wa kupandia, ninakubali kwamba pingamizi lina nguvu na mpango usianze.

Kuna sababu ya kuamua mapema. Kwa mtaala mpya, unaopunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, watoto wa darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 sekondari zitapokea makundi mawili kwa mpigo. Bajeti zitajaa tofali, saruji na madawati, nami sipingi. Naomba tu kwamba katika bajeti hizohizo kuwe na kifungu cha mafundi, na kwamba katika mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana itoe kipaumbele kwa vikundi vya karakana vilivyosaini mikataba ya wanagenzi, vikianza na ngao za uso, glavu na mashine ya pili. Orodha ya wanagenzi isomwe katika Kamati ya Maendeleo ya Kata kila robo mwaka, pamoja na ile ya wanafunzi walioripoti Kidato cha Kwanza, jina kwa jina, ili diwani aulizwe juu ya hao kama anavyoulizwa juu ya madawati.