Bili ya maji kupanda ghafla Migosi, Kisumu

Dada, umesema bili yako ya maji imeruka kutoka shilingi 900 hadi 4,200 kwa mwezi mmoja, na nyumbani hamjaongezeka, lazima moyo ushtuke. Pole. Kabla ya kwenda ofisini, isome mita mwenyewe.

Linganisha namba zake na usomaji ulioandikwa kwenye bili. Namba ya mita ikiwa ndogo kuliko ya bili, huenda walikukadiria au walisoma vibaya. Piga picha uwapelekee warekebishe. Yuniti 1 ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, kwa hiyo hata yuniti chache za ziada ni maji mengi sana.

Namba zikikubaliana, shuku kuvuja. Acha tangi la juu lijae, funga mifereji yote usiku, andika namba, na msiguse maji hadi asubuhi. Zikisonga, kuna mahali panavuja. Kwangu ilikuwa choo: maji yalichuruzika kimya kimya kwa wiki nyingi, sikusikia kitu. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, ngoja nusu saa bila kuflashi. Rangi ikitokea kwenye bakuli, badilisha raba inayozuia maji ndani ya tangi hilo. Angalia pia boya la tangi la juu, lile linalofunga maji tangi likijaa.

Kama mnatumia mita moja na wapangaji wengine, yuniti zenu zinajumlishwa na zinaweza kuingia kiwango cha bei ya juu. Zungumza na mwenye nyumba kuhusu mita za kando, kila mpangaji na yake.

Usifungue mita wala kukata sili, utashtakiwa. Bomba la chini ya sakafu mwachie fundi. Ofisi isipokusikiliza, andikia WASREB, bodi ya serikali inayosimamia kampuni za maji Kenya.